Aliyepona Homa Asikimbilie Jua wala Nyungu

Majuma matano yaliyopita nilipokea barua ya mama mmoja wa kijiji cha jirani. Aliiandika kwa kalamu ya risasi katika karatasi ya daftari la mtoto wa shule, na maneno yake yalikuwa machache lakini mazito. Amenipa ruhusa niyaeleze hapa, mradi nisimtaje jina.

Mume wake aliugua malaria kali, akalazwa siku sita, akapona. Alipopimwa tena, vijidudu vilikuwa vimekwisha katika damu yake. Anakula, anacheka, na jioni anazungumza na wenzake barazani. Lakini asubuhi wakienda shambani, jua likipanda kidogo tu, yule bwana huweka jembe chini akaenda kukaa kivulini. Nyumbani wamemfukizia nyungu mara mbili ili kumtoa homa iliyobaki, na mara zote mbili alitoka katika blanketi akiwa amelegea kama nguo iliyolowa.

Basi yule mama akauliza hivi: "Karani, mume wangu ni mgonjwa bado, au ni mvivu? Majirani wamekwisha kusema kuwa ni mvivu. Mama mkwe anasema amerogwa. Mimi sijui nishike neno gani, na mpunga unasongwa na magugu."

Barua hiyo niliisoma mara tatu. Mimi si mganga wala sijifanyi mganga. Kazi yangu ni kalamu na vitabu vya ofisi. Lakini jambo lile lile lilinipata mimi mwenyewe mwaka juzi, na nusura linitie kilema. Kwa hiyo nitaeleza yaliyonipata, na yale niliyofundishwa na watu wawili: tabibu wa zahanati yetu, na babu yangu mzaa mama.

YALIYONIPATA MIMI

Sisi tunakaa katika uwanda wa Kyela, karibu na Ziwa Nyasa. Wanaoijua nchi hii wanajua joto lake. Si joto kavu kama la Dodoma. Ni joto lenye maji ndani yake, shati linakushika mgongoni tangu saa tatu asubuhi. Tumezaliwa humo, na hatulioni kuwa kitu.

Kabla ya kuugua nilikuwa na sifa mbili. Ya kwanza, niliweza kulima mpaka saa saba mchana bila kutafuta kivuli. Ya pili, niliweza kukaa katika nyungu mpaka chungu kipoe. Wenzangu wakitoka wakitweta, mimi hubaki chini ya blanketi. Shangazi zangu walinisifu, nami nilifurahi kusifiwa.

Kisha nikaugua. Ilianza malaria, ikafuata homa ya mapafu. Nililala siku tisa, nikapungua kilo sita. Niliporudi nyumbani miguu ilikuwa kama si yangu, lakini homa ilikuwa imekwisha. Siku ya nne shangazi yangu akaja na chungu. Ndani yake mlikuwa na majani ya mwarobaini, ya mlimao, ya mkaratusi na mchaichai. Akasema, "Mwanangu, ugonjwa umetoka, lakini mabaki yake yamo. Jasho litayatoa." Alisema kwa mapenzi, nami sikukataa. Tena nilitaka kuonyesha kuwa mimi ni yule yule wa zamani.

Sikumaliza hata dakika tano. Moyo ulianza kupiga kama ngoma. Masikio yakavuma. Nikaona aibu kutoka, nikangoja. Halafu nikajaribu kusimama, na hapo sikumbuki tena. Nilianguka ubavu, mguu ukapiga chungu, maji ya moto yakamwagika juu ya unyayo wangu wa kushoto. Kovu lipo hata leo. Juma lile nilitembea kwa fimbo, na mke wangu akalima peke yake.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili nilifanya kidonda kilipopona. Niliona haya kumwacha mke wangu shambani, nikashika jembe nikaanza palepale nilipokuwa nimeachia kabla ya kuugua. Saa nne asubuhi kichwa kikauma, nikatetemeka huku nikitoka jasho, nikatapika. Watu wote wakasema malaria imerudi. Mtu mmoja akaniletea vidonge vilivyobaki nyumbani kwake. Kwa bahati tabibu wa zahanati alinipima kwanza. Hakukuwa na malaria hata kidogo. Akaniambia, "Karani, homa imekwisha. Kinachokusumbua ni joto. Mwili wako umesahau joto."

MWILI UNASAHAUJE JOTO?

Maneno hayo yalinishangaza. Mtu aliyezaliwa katika joto anawezaje kulisahau? Tabibu akanieleza kwa utaratibu, nami ninayaandika kama nilivyoelewa.

Mwili wa mtu mzima hukaa katika joto la digrii 37 hivi, wakati wa baridi na wakati wa joto. Ukizidi sana, kazi za mwili huharibika. Kwa hiyo mtu akiwa juani au akifanya kazi ngumu, mwili hutumia njia mbili kujipoza. Kwanza, hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili joto la ndani litoke nje. Pili, hutoa jasho. Lakini jasho lenyewe si dawa ya joto. Kinachopoza ni kule kukauka kwake. Jasho likikauka juu ya ngozi huchukua joto likaenda nalo. Jasho linalodondoka chini bila kukauka ni maji yaliyopotea bure.

Sasa fikirini juu ya nyungu. Chini ya blanketi hewa imejaa mvuke. Jasho halina mahali pa kukaukia. Mtu anatoka jasho jingi, watu wanafurahi wakisema ugonjwa unatoka, lakini mwili haupozwi hata kidogo. Unazidi kupata joto huku maji yake yakipungua. Mtu mwenye afya aweza kuvumilia hayo kwa muda mfupi. Je, aliyetoka kitandani?

Tabibu alinitajia mambo matatu yanayomfanya aliyetoka kuugua kushindwa na joto.

La kwanza ni damu. Mtu akilala kitandani juma moja au mawili, maji ya damu yake hupungua kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi, au zaidi. Akiwa na malaria, vijidudu huharibu pia chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huchukua majuma kadhaa kujengwa upya. Kwa hiyo moyo una damu kidogo, nao unatakiwa kuipeleka kwenye misuli inayolima, kwenye ngozi inayopoza, na kwenye kichwa. Haitoshi kote. Ndiyo sababu moyo hupiga mbio, na mtu akisimama ghafula huona giza.

La pili ni maji na chumvi. Homa, kuharisha na kutapika vimekwisha kuyapunguza. Mtu anayelima juani aweza kupoteza lita moja ya jasho kwa saa, hata zaidi. Aliyeingia shambani na upungufu hana akiba.

La tatu ndilo lililonishangaza kuliko yote, nalo ni mazoea. Mwili unaofanya kazi katika joto kila siku hujifunza. Katika siku saba hadi kumi na nne huongeza maji ya damu, huanza kutoa jasho mapema, hutoa jasho jingi zaidi lenye chumvi kidogo, na moyo hautaabiki tena. Mtu akikaa nje ya kazi hiyo, mazoea hayo huanza kutoka. Baada ya juma moja hupungua, na baada ya majuma matatu au manne yamekwisha karibu yote. Hayamjali mtu kwa sababu alizaliwa Kyela. Kulala ndani kivulini kumeyafuta, na sharti ajifunze upya.

HABARI ZA BABU NA MIGODI

Niliporudi nikamweleza babu yangu. Yeye sasa anakaribia miaka 90, lakini akili yake ni nzima. Nilidhani atacheka. Badala yake akasema, "Mjukuu wangu, huyo tabibu wako amechelewa. Hayo niliyajua mwaka 1957."

Wazee wa sehemu zetu wanakumbuka kwamba siku zile vijana wengi wa Tanganyika ya kusini walikwenda kuchimba dhahabu Afrika ya Kusini. Waliandikwa na chama kilichoitwa WENELA, mpaka serikali ya Tanganyika ilipokomesha jambo hilo baada ya Uhuru wa mwaka 1961. Babu alikuwa mmoja wao. Alifanya mkataba mmoja katika migodi ya Witwatersrand.

Huko watu walishuka chini kupita kilometa moja, na mahali pengine zaidi ya mbili. Kadiri unavyoshuka, ndivyo mwamba unavyozidi kuwa na moto. Tena walikuwa wakimwaga maji juu ya mawe ili vumbi lisiwaingie wachimbaji mapafuni. Vumbi lilipungua, lakini hewa ikajaa unyevu. Ikawa joto na mvuke pamoja, wala jasho halikauki. "Ilikuwa nyungu isiyo na blanketi," babu alisema, "na wewe unapiga koleo ndani yake."

Katika miaka ya 1920 watu walianza kufa humo kwa joto. Daktari mmoja jina lake Aldo Dreosti akachunguza jambo hilo, na mwaka 1935 alitangaza aliyoyaona. Aliwajaribu wachimbaji kwa kuwafanyisha kazi katika chumba cha joto, akaona kwamba watu hawako sawa: wengine huvumilia upesi, wengine polepole, na wengine hawawezi. Aliona pia kwamba uvumilivu huo hufundishwa siku kwa siku. Tangu hapo ikawa desturi kwamba mgeni hapelekwi penye moto mkali siku ya kwanza. Baadaye, katika miaka ya 1960, walijenga vyumba vya mvuke juu ya ardhi. Wachimbaji walipanda na kushuka vitofali kwa saa nne kila siku, siku nane mfululizo, huku wakipimwa joto la mwili, kisha ndipo wakashuka mgodini.

Wakati wa babu vyumba hivyo havikuwapo bado. Yeye na wenzake walifundishwa huko huko chini. Walianza mahali penye joto la kadiri, wakapelekwa penye joto zaidi, na jambo hilo lilichukua karibu majuma mawili. Lakini sikieni sehemu inayotuhusu.

"Baada ya miezi mitano," babu alisema, "niliugua kifua. Nililazwa majuma matatu. Nilipotoka nilijiona mzima. Nilikuwa mtu wa koleo, wenzangu walinijua. Nikamwendea mnyapara nikamwambia, nipe mahali pangu. Akanicheka, akaniweka pamoja na vijana waliofika juzi, wasiojua hata kushika koleo. Niliona aibu mpaka nikataka kulia. Siku ya kwanza nikapiga koleo nusu saa, magoti yakaanza kutetemeka. Wale vijana walinishinda. Hapo nikanyamaza. Siku ya kumi na moja nilirudi mahali pangu, na nguvu zangu zilikuwa zile zile."

Nikamwuliza, "Babu, kumbe wenye migodi waliwahurumia?"

Akatikisa kichwa. "Si huruma. Mtu akianguka chini, kazi inasimama. Walikuwa wakihesabu dhahabu yao. Lakini hata anayehesabu dhahabu alijua kwamba mtu aliyetoka hospitali hafai kutupwa katika moto. Nawe mjukuu wangu ulijitupa mwenyewe."

WENYE KUJUA MVUKE KULIKO SISI

Labda mtu atasema, "Lakini mvuke ni dawa ya wazee wetu." Siudharau. Mvuke hulegeza kamasi, hufungua pua, na mtu mzima mwenye afya hujisikia mwepesi akitoka. Lakini kufungua pua si kuponya ugonjwa. Vijidudu vya malaria hukaa katika damu na ini, mvuke hauwafikii. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia, nyungu zilichemka katika nyumba nyingi. Waganga walisema wazi kwamba mvuke hauui virusi hivyo. Na katika nchi mbalimbali watu waliletwa hospitalini, watoto miongoni mwao, wakiwa wamebabuka kwa maji ya moto.

Wako watu duniani wanaojua joto la mvuke kuliko sisi. Ni watu wa Ufini, nchi ya baridi kali upande wa kaskazini wa Ulaya. Wana chumba cha mbao chenye jiko la mawe, wanakiita sauna. Nchi hiyo ina watu wapatao milioni 5 na nusu, na sauna zao hupita milioni 3. Joto la ndani hufika digrii 80 hadi 100. Wanalivumilia kwa sababu hewa yake ni kavu zaidi kuliko ya nyungu, na jasho hupata nafasi ya kukauka. Wakimwaga maji juu ya mawe, mvuke huwajia mara moja kama moto, kisha hupungua. Mwaka 2020 shirika la UNESCO liliiandika desturi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Basi watu hao, waliozaliwa katika mvuke, hushauriwa na waganga wao kwamba mwenye homa asiingie sauna. Na aliyetoka kuugua huingia kidogo kidogo: kwanza mahali penye joto dogo, kwa muda mfupi, akinywa maji, wala si peke yake. Ikiwa wao wenye mvuke wanauogopa hivyo, sisi tunaharakia nini?

NJIA YA KURUDI JUANI

Nilimwomba tabibu anipe kanuni ambayo mkulima aweza kuifuata bila vyombo. Naye akanieleza shauri la idara ya Marekani inayochunguza afya ya wafanyakazi: mtu mgeni katika joto afanye sehemu moja ya tano ya kazi siku ya kwanza, na kila siku aongeze sehemu moja ya tano, isizidi. Kwetu hesabu yake ni rahisi. Kama ulikuwa ukilima ngwe tano kwa siku, anza na ngwe moja. Kesho mbili, ukiona umelala vizuri na hukuumwa kichwa. Ukiona taabu, rudia ya jana. Lakini kanuni hiyo ni ya mtu mzima wa afya. Aliyeugua sana aende polepole kuliko hapo. Ngwe moja aweza kuirudia siku tatu kabla ya kuongeza, na kurudi kote kukachukua majuma mawili au matatu.

Tena kuna mambo haya:

Toka mapema. Anza saa kumi na mbili asubuhi, uache saa tatu. Kama kazi ni nyingi, rudi jioni kuanzia saa kumi. Katikati ya mchana kaa kivulini, uchambue maharage au urekebishe mpini wa jembe. Hiyo nayo ni kazi.

Kunywa maji kabla ya kiu. Chukua maji shambani, unywe kidogo kidogo kila mara. Tazama mkojo wako: ukiwa mweupe kama maji ya mchaichai uliopoa, ni vema, ukiwa na rangi ya chai ya rangi, maji hayatoshi. Na ukiwa mweusi kama kahawa au mwekundu, hilo si jambo la kiu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Uliyekuwa ukiharisha au kutapika, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha si vya kulundika. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo amwulize mganga kwanza kiasi cha maji kinachomfaa.

Kula vitu vya kujenga damu: maharage, mboga za majani, dagaa wa ziwani, mayai kama yapo. Pombe iache kabisa siku hizo, maana hupoteza maji na kudanganya kichwa.

Uliza juu ya dawa zako. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu humfanya mtu akojoe sana, nyingine hupunguza mapigo ya moyo, na baadhi ya dawa za maradhi ya akili huzuia jasho. Usiziache, ila mweleze mganga kwamba unafanya kazi juani.

Nyungu ingoje mpaka uweze kufanya kazi yako yote ya zamani bila taabu. Hata hapo, usikae peke yako, usizidishe dakika chache, na chungu kikae mahali kisipoweza kupinduka. Ukisikia moyo unapiga mbio au masikio yanavuma, funua blanketi palepale. Kaa kwanza kabla ya kusimama. Mwenye homa, mwenye mimba, mzee sana, mgonjwa wa moyo, na mtoto mdogo wasitiwe nyungu kabisa.

DALILI ZA HATARI

Mtu juani akiumwa kichwa, akaona kizunguzungu, kichefuchefu, misuli ikakaza, huyo ameshindwa na joto. Mlaze kivulini, inua miguu yake, mpe maji. Aghalabu atapata nafuu kabla ya saa moja kwisha. Lakini kwa kuwa malaria nayo huanza hivyo hivyo, apimwe. Asinywe vidonge vya jirani kwa kubahatisha.

Lakini akianza kusema ovyo, akayumba kama mlevi, akazimia au akashikwa na degedege, na mwili wake ni moto kama jiko, hilo ni jambo la kufa na kupona. Joto la mwili wake huenda limefika digrii 40 au kuzidi. Msimngojee mtu yeyote. Mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa nguvu kwa kanga au ungo, mkiendelea hivyo njiani mpaka hospitalini. Msimpe maji ya kunywa kama hana fahamu, yatamwingia mapafuni. Na kwa hali yoyote msimfunike blanketi.

Na tena: uchovu wa joto hupungua siku kwa siku. Kama mwezi umekwisha na hauoni nafuu, au unazidi kukonda, au unakohoa, au miguu inavimba, au unatoka jasho usiku, usiseme ni mazoea tu. Rudi hospitali wakupime damu, kifua, moyo na sukari.

MAJIBU YANGU KWA YULE MAMA

Hayo yote nilimwandikia yule mama kwa ufupi, siku ile ile. Nikaongeza maneno haya: "Mume wako si mvivu, wala sioni kuwa amerogwa. Mvivu hukimbia jembe asubuhi na jioni. Mume wako hukimbia jua tu. Mpeleke apimwe damu. Nyungu iwekeni. Nendeni naye shambani alfajiri, umpimie ngwe moja, na asubuhi ya pili usimdai zaidi ya anayoweza."

Nilijua ninamwomba jambo gumu. Magugu hayangoji mtu apone. Mama aliye peke yake na jembe, na watoto, na mgonjwa, akimwona mumewe amekaa kivulini, moyo wake unauma. Na mume naye, akijua kwamba watu wanamcheka, hujilazimisha mpaka aanguke. Hivyo nyumba moja inaumia mara mbili: kwa ugonjwa, na kwa maneno. Maneno ya majirani ndiyo yaliyonirudisha mimi shambani kabla ya wakati, wala si njaa.

Siku ya Jumatano iliyopita yule bwana mwenyewe alifika ofisini kwangu. Zahanati walimwona ana upungufu wa damu, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Sasa analima ngwe tatu, anaacha saa tatu asubuhi, na jioni anarudi kwa saa moja. Mpunga umepaliliwa nusu. Nusu nyingine shemeji zake walikuja wakamsaidia siku mbili, baada ya mkewe kuwasomea barua yangu. Akaniambia huku akicheka kwamba mama yake amekificha chungu cha nyungu juu ya dari, na anasema alikuwa akijua tangu mwanzo kwamba si uchawi.

Nami nikakumbuka maneno ya babu juu ya wale wenye migodi. Wao hawakumpenda babu yangu. Hawakumjua hata jina lake. Walijua namba tu. Lakini walimpa siku kumi na moja apate nguvu zake, kwa ajili ya dhahabu. Basi sisi, tunaomjua mgonjwa wetu kwa jina, tunaokula naye sahani moja, hatuwezi kumpa majuma mawili?

Msalimieni kila aliyetoka kuugua nyumbani kwenu. Mpeni maji, mpeni kivuli, na msimhesabie ngwe.

Ni mimi,
Karani wenu